Namna ya Kumsoma Mchoraji Aliyefanya Kazi Gizani: Daftari Langu la Eric Stanton

Mwaka 2014 mpwa wangu, ambaye ni baharia, aliniletea zawadi kutoka Hamburg: kitabu kinene cha michoro, cha mtumba, jalada limekatika kona. Alijua napenda wino. Nilikifungua barazani kwangu, hapa Ngamiani, Tanga, nikaona ukurasa mmoja nikakifunga haraka, maana watoto wa jirani walikuwa wanacheza hatua mbili kutoka pale. Usiku nikakifungua tena, mlango nimeufunga. Mwanamke mrefu mwenye mabega mapana alikuwa amembwaga mwanamume chini kama kwenye mieleka, na miguuni amevaa buti la ngozi lililopita magoti.

Buti lile lilikuwa linang'aa. Hapakuwa na rangi yoyote pale, ni wino mweusi na weupe wa karatasi, lakini liling'aa kama limetoka kupigwa dawa na brashi asubuhi ile. Nimechora vielelezo vya vitabu vya shule kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kupata mng'ao wa namna hiyo. Kwenye kona palikuwa na jina: Stanton.

Tangu usiku huo nimejaza madaftari mawili juu ya mtu huyu. Vijana ninaowafundisha kuchora siku za Jumamosi huniuliza: mwalimu, unamsomaje mchoraji ambaye kazi yake iliuzwa chini ya meza, nyingine ikaharibiwa, na shule za sanaa zikaona aibu kumtaja? Swali zuri, na linatuhusu sisi pia. Naandika hapa njia ninayoifuata, hatua kwa hatua, nikimtumia yeye kama mfano.

Kwanza jua unachokiangalia

Stanton alikuwa mchoraji wa sanaa ya fetishi. Neno hilo lina maana ya mtu kuvutwa kimapenzi na kitu au hali fulani kuliko mwili wenyewe: buti, glavu ndefu, viatu vya visigino virefu, ngozi, kamba, au mwenye nguvu na asiye na nguvu. Ni michoro ya watu wazima kwa ajili ya watu wazima. Usiifanyie mzaha na usijifanye huioni. Ukiisoma kwa kuchekacheka utaona kichekesho tu, na ukiisoma kwa hasira utaona uchafu tu. Vyote viwili vitakuficha mstari.

Kuna tahadhari nawapa vijana wangu kabla hatujaanza. Ninaofundisha somo hili wote wamepita miaka kumi na minane, na wazazi wa wanaoishi nyumbani wanajua. Sheria zetu, Tanzania na hata Kenya, zinakataza kuuza na kusambaza picha za uchafu, kwa hiyo hakuna kutumiana kurasa kwenye simu. Tunachonakili ni buti, mkono, sikio, mkunjo wa sketi. Kwa somo la wino hivyo vinatosha kabisa.

Tena sema waziwazi usichokipenda. Mimi kurasa zenye mtu aliyefungwa kamba huku analia sizipendi, hata kama ni hadithi ya kubuni na mstari wake ni mzuri. Kurasa nyingi za Stanton mwenyewe zinaelekea upande mwingine: wanawake wake ndio wenye nguvu. Wananyanyua, wanabwaga, wanakaba, na wanaume ni wadogo kama vibarua mbele ya tajiri. Hiyo ndiyo alama yake kubwa kuliko zote.

Daftari la kurasa mbili

Chukua daftari la kawaida la kaunta. Likifunguka, ukurasa wa kushoto andika LILILOTHIBITIKA, wa kulia andika LINALOSEMWA. Kila unachokisoma au kukisikia kiende upande mmoja, na kisihame bila sababu unayoweza kuitamka.

Nilijifunza hili kwa kuaibika. Mwaka 2016 nilialikwa kuzungumza na vijana wachoraji, nikawaambia kwa sauti kubwa kwamba Stanton ndiye aliyebuni vazi la Spider-Man, shujaa wa katuni za Marekani. Kijana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, kwa adabu, "Umejuaje, mzee?" Sikuwa na jibu. Nililisoma mahali, likanipendeza, nikalibeba. Usiku ule nilianza daftari upya.

Kushoto kwangu sasa pako hivi. Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 30 Septemba 1926, jina lake la kuzaliwa Ernest Stanzoni. Alitumikia jeshi la majini la Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kumchorea Irving Klaw, mfanyabiashara wa picha wa Manhattan. Alisoma katika shule ya wachoraji katuni na vielelezo ya New York, ile iliyoanzishwa mwaka 1947 na Silas Rhodes pamoja na Burne Hogarth, ambayo leo inaitwa School of Visual Arts. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jerry Robinson, aliyechora Batman. Kuanzia 1958 hadi 1968 alikuwa na studio moja na mchoraji katuni Steve Ditko, karibu na makutano ya Mtaa wa 43 na Eighth Avenue. Kuanzia 1982 alitoa mfululizo wa vijitabu vyake, Stantoons, akiwauzia wateja kwa posta, matoleo zaidi ya 100. Alifariki tarehe 17 Machi 1999.

Kulia kwangu pana mambo yanayonoga zaidi, na ndiyo maana yanahitaji ukurasa wake. Ditko ndiye aliyechora Spider-Man wa kwanza kabisa, toleo la Agosti 1962, wakati huo meza yake iko chumba kimoja na ya Stanton. Watu wakaanza kuhesabu: nani alimsaidia nani? Stanton mwenyewe, alipoulizwa miaka mingi baadaye, alisema mchango wake kwa Spider-Man ulikuwa karibu na sifuri. Akakumbuka tu kwamba huenda wazo la utando kutoka mikononi lilikuwa lake. Kwa upande wa pili, wapo wanaoona mkono wa Ditko kwenye kurasa za fetishi za Stanton za miaka hiyo, na Ditko alikana kuzigusa.

Sasa mwanafunzi afanye nini na hayo? Aandike kama yalivyo: huyu alisema hivi, yule alikana. Kumbukumbu ya mzee ni ushahidi wa kile anachokikumbuka mzee. Kwa hiyo maneno ya Stanton kuhusu utando yanabaki kulia, na ukweli kwamba aliyasema unaingia kushoto. Mtu akikuona unatenganisha hivyo anaweza kudhani unabishana na kivuli, lakini humo ndimo wasifu wa watu wa namna hii unapoharibika.

Mtafute aliyekuwa analipa

Mchoraji wa aina hii haachi shajara kwenye maktaba ya chuo. Anayeacha alama ni mlipaji: anwani yake, katalogi zake, kesi zake. Mfuate yeye.

Irving Klaw na dada yake Paula walikuwa na duka Mtaa wa 14 Mashariki, Movie Star News, wakiuza picha za nyota wa sinema. Baadaye wateja wakaanza kuomba picha za aina nyingine, wanawake wenye visigino virefu na kamba, na Klaw akawa anazipiga na kuziuza kwa posta kote Marekani. Mwanamitindo Bettie Page, ambaye sura yake hadi leo imechapwa kwenye fulana duniani kote, alipigwa picha pale. Sambamba na picha, Klaw aliuza hadithi za michoro kwa sura: mteja anapata kurasa chache, anangoja zinazofuata. Stanton alikuwa mchoraji wake, na pia aliuza kazi za John Willie.

Huyu John Willie mtajie mwanafunzi wako, kwa sababu bila yeye Stanton anaonekana ameanguka kutoka mbinguni. Jina lake halisi ni John Alexander Scott Coutts, Mwingereza aliyezaliwa Singapore mwaka 1902, akawa ofisa wa jeshi, akahamia Australia, kisha Amerika Kaskazini. Mwaka 1946 alianzisha jarida lake, Bizarre, na alikuwa mhariri, mpiga picha, mchoraji na mwandishi wake. Mstari wake ni wa mtu mpole: mwembamba, umetulia, kila kifungo cha koti kimepewa heshima. Alifariki mwaka 1962. Stanton ni kelele ukimweka pembeni yake, lakini visigino vile virefu kupita kiasi amevirithi.

Ukimjua mlipaji unajua na masharti. Klaw alikuwa mkali: hapakuwa na uchi katika alichokiuza, kwa sababu posta ilikuwa inamwangalia. Kila mwili umevikwa. Mimi naamini, na hili ni langu, siri ya buti lile lililonifumbua macho iko hapo. Mchoraji aliyekatazwa ngozi ya mtu aliweka nguvu zake zote kwenye ngozi ya ng'ombe.

Soma kesi za mahakamani

Hatua hii vijana huikwepa, wanataka kurudi kwenye wino. Usiikwepe. Mwaka 1955 kamati ndogo ya Baraza la Seneti la Marekani iliyochunguza uhalifu wa vijana, chini ya Seneta Estes Kefauver, ilimwita Klaw mbele yake huko New York. Alikataa kujibu maswali. Kutoka hapo biashara yake haikupumua tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiandamwa na mashitaka, aliharibu sehemu kubwa ya hasi zake, yaani filamu za kusafishia picha, na picha zenyewe. Paula alificha baadhi kwa siri, na tunachokiona leo kwa kiasi kikubwa ni kile alichokificha dada mtu. Klaw alifariki mwaka 1966.

Mwaka huohuo, tarehe 21 Machi, Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha hukumu ya mchapishaji mwingine wa New York, Edward Mishkin: kifungo cha miaka mitatu na faini ya dola 12,000, kwa vitabu vipatavyo 50. Kesi kama hiyo ina kitu ambacho hakuna mwandishi wa wasifu anaweza kukupa: waandishi wakieleza kwa kiapo waliagizwa nini na mchapishaji. Humo ndimo unasikia soko linavyozungumza na fundi.

Niliposoma habari za Klaw kuharibu hasi zake nilisimama, nikatoka nje kidogo. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimepeleka michoro 64 ya kitabu cha sayansi kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Karatasi ya manila, wino, kila jani la mmea nimelitazama mwenyewe shambani. Malipo yalikuwa ya mkupuo, jina langu halikuchapwa. Niliporudi kuomba michoro yangu niliambiwa ofisi ilihama, makaratasi yakatupwa. Mimi nilikuwa nachora mizizi ya mhogo, Stanton alikuwa anachora mabuti, na sidhani tungekaa meza moja tukaelewana juu ya kila kitu. Lakini kibarua cha kalamu nakijua kinavyouma, na ndiyo sababu nimekaa naye miaka yote hii.

Sasa shika wino: buti moja

Huwezi kumjua mchoraji kwa macho peke yake. Mkono lazima upite alipopita. Andaa penseli ya 2B, kalamu ya nibu, brashi namba 2 yenye ncha nzuri, wino mweusi usioyeyuka ukikauka, na karatasi nzito. Ukikosa, manila nyeupe inafaa. Weka kitambaa cha pamba karibu.

Kabla ya kunakili mchoro, tafuta buti halisi. Mimi natumia gambuti jeusi, lile la kuoshea gari. Limwagie maji, liweke barazani saa tatu asubuhi jua likiwa upande mmoja, kaa chini macho yako yawe usawa wa kifundo. Utaona vitu vitatu. Kuna mstari mrefu wa mwanga unaoshuka kwenye muundi, haujanyooka, unajipinda kidogo kufuata umbo la mguu. Kuna mikunjo ya kifundoni ambako mwanga unakatika vipandevipande, kama samaki wanaogeuka. Na upande wa kivuli, pembeni kabisa, kuna ufito mwembamba wa mwanga hafifu unaorudi kutoka sakafuni. Huo wa tatu ndio wanaoanza hawauoni, na bila huo buti linaganda kwenye karatasi kama limekatwa kwa mkasi.

Sasa chora. Urefu wa buti uwe shibiri moja. Wachoraji wa New York walichora kwa ukubwa uliozidi kitakachochapwa, halafu mpiga chapa akapunguza, kwa hiyo usibane. Penseli kwanza: umbo la nje, halafu zungushia ramani ya mwanga, ile mipaka ya sehemu zitakazobaki nyeupe. Usitie wino mpaka ujue weupe wote uko wapi, kwa sababu weupe hauurudishi tena.

Pitisha nibu kwenye umbo la nje, mstari mwembamba upande wa mwanga, mnene upande wa kivuli. Acha ukauke mpaka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga usione unyevunyevu. Kisha brashi: jaza weusi ndani ya mipaka, lakini ishia kabla ya kuufikia weupe, kama upana wa punje ya mchele. Ile punje ndiyo kazi yenyewe. Kutoka kwenye weusi vuta nyuzi za wino kuelekea kwenye weupe, harakaharaka, ukiinua brashi mwishoni, uzi uanze mnene na uishe kama mkia wa panya. Nyuzi zifuate mviringo wa mguu. Zikienda moja kwa moja kama mvua umechora bomba la maji.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana mwenye mkono mtulivu kuliko wangu, alichora mabomba kumi na moja kabla ya kupata buti. La kumi na mbili nimelibandika ukutani.

Ukishaliweza gambuti, sasa rudi kwa Stanton na unakili buti lake moja, la ukubwa uleule, bila karatasi ya kupitishia. Utagundua kitu ambacho kusoma hakukwambii: anadanganya. Mwanga wake hautoki upande mmoja. Ameweka weupe mahali macho yanapotaka kwenda, hata kama jua lisingefika. Mtu anayechora kwa kumbukumbu na kwa haraka, kurasa zinasubiriwa dukani, hana muda wa kuuliza jua liko wapi. Hapo nilihisi kama nimemwona ameketi.

Saini hudanganya

Katika kazi ya gizani, jina ni koti. Kati ya waliomchorea Klaw alikuwepo mmoja aliyesaini Eneg. Soma kinyumenyume: Gene. Ni Gene Bilbrew, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1923, aliyewahi kuwa msaidizi wa mchoraji Will Eisner kwenye katuni ya The Spirit, na kabla ya hapo alishirikiana na Bill Alexander kumbuni shujaa mweusi, The Bronze Bomber, kwa ajili ya gazeti la Los Angeles Sentinel. Alisoma shule ileile ya Stanton. Alifariki mwaka 1974. Natamani siku moja kumwandikia daftari lake peke yake, kwa sababu Mweusi aliyeingia kwenye katuni za Marekani miaka ile alikuta milango mingi imefungwa, na huu wa nyuma ulikuwa wazi. Wino wake ni wa brashi, mzito, wanawake wake wana nyonga pana na viuno kama vya nyigu. Ukimweka karibu na Stanton kwa wiki moja hutawachanganya tena.

Lakini kuna wasiosaini kabisa. Mfano mkubwa ni Joe Shuster, aliyemchora Superman. Yeye na mwandishi Jerry Siegel walimwachia mchapishaji haki za Superman kwa dola 130 mwaka 1938. Miaka ya 1950, kazi zimekauka, Shuster alichora kisirisiri vielelezo vya vijitabu vya Nights of Horror, vilivyouzwa New York na baadaye kuamriwa viharibiwe, shauri lililofika Mahakama Kuu mwaka 1957. Hakuweka jina. Ni mwaka 2009 tu ndipo Craig Yoe, mtafiti wa katuni, alipomtangaza. Kilichomtoa ni nyuso: mwanamume mwenye taya la Clark Kent, yaani Superman akiwa na nguo za kawaida, mwanamke mwenye sura ya Lois Lane, mpenzi wake, zimerudi kwenye karatasi ya bei rahisi.

Namna ya kuufanya uchunguzi huu wewe mwenyewe ni ya zamani. Giovanni Morelli wa Italia, aliyesomea udaktari, aliitumia karne ya 19 kutambua wachoraji wa kale: usiangalie uso wala pozi, angalia masikio na kucha, kwa sababu hapo mchoraji hafikiri, mkono unakwenda wenyewe. Chora jedwali la vyumba. Safu ya kwanza masikio, ya pili vidole gumba, ya tatu mikunjo ya nguo kwenye kiwiko, ya nne visigino. Nakili kumi kumi kutoka kazi zilizosainiwa za mchoraji mmoja. Kisha nakili za mchoro usio na jina. Ukipata safu mbili zinazofanana bado hujapata kitu. Nne zikikubaliana, andika kulia. Kuhamia kushoto kunahitaji karatasi: risiti, barua, au mtu aliyekuwepo.

Kwa Ditko angalia mikono. Vidole vyake vinatanuka na kujipinda kama vya mtu anayerusha uchawi, ndiyo maana Dr. Strange, mchawi wa katuni aliyemchora mwaka 1963, unamtambua kwa vidole kabla ya kumwona uso. Nimeitafuta mikono ile kwenye kurasa za Stanton za miaka ya studio yao. Mahali pawili nimeandika alama ya kuuliza, na hapo nimeishia.

Fuata maji yalikokwenda

Athari usiitafute kwa maneno ya sifa, itafute kwa kitu unachoweza kukiweka pembeni ya kingine. Allen Jones, msanii wa Uingereza, aliishi New York katikati ya miaka ya 1960 akakutana na picha hizi za kuuzwa kwa posta. Mwaka 1969 alitengeneza sanamu tatu za wanawake waliogeuzwa fanicha, kiti, meza na kiango cha kofia, na buti na glavu zake zimetoka kwenye dunia hii moja kwa moja. Kiti kimo katika hazina ya jumba la sanaa la Tate, London. Zilipoonyeshwa wanawake wengi walikasirika, nami nawaelewa. Kwa Stanton mwanamke ndiye anayemkalia mtu, na hapa amekuwa wa kukaliwa. Athari inaweza kubeba viatu na kuacha maana.

Mwaka 1995 video moja ya mwanamuziki Madonna, yeye na wachezaji wake wamevaa ngozi nyeusi, ilichota kutoka michoro ya Stanton. Mchoraji alikuwa bado hai, ana miaka 68, anatuma vijitabu vyake kwa posta. Hiyo ndiyo picha inayonijia nikimfikiria: dunia nzima inaona video, na mzee anafunga bahasha.

Kwa kila athari unayoidai, andika mambo matatu: nani aliona, aliiona wapi, na ni mstari gani uliohama. La tatu likikosekana, ifute.

Baada ya daftari kujaa

Weka kopi mbili, mahali pawili tofauti. Mimi moja iko kwa dada yangu Korogwe, nimefuata mfano wa Paula Klaw. Nyuma ya kila mchoro wako mwenyewe, kwa penseli laini, andika jina, tarehe, nani aliagiza, alilipa kiasi gani. Wino hupenya upande wa pili, penseli haipenyi.

Halafu tumia njia hii nyumbani. Tangu Januari mimi na vijana wangu tuna katoni moja ya vitabu vya kusomea na majarida ya Kiswahili ya miaka ya 1970 na 1980, tumeyanunua kwa kilo kwa muuza mihogo ya kukaanga aliyekuwa anafungia bidhaa. Vielelezo vingi havina jina. Tumechora masikio mia moja na themanini. Kuna mkono mmoja unaochora sikio kama herufi ya 6 iliyopinduliwa, na kidole gumba kifupi chenye ukucha wa mraba, nao umetokea katika vitabu vitano vya wachapishaji wawili. Hatujui ni nani. Jumamosi ijayo tunaanza viwiko.